Daftari la babu linasema masika hushika "mwongo wa 20". Kwa kalenda ya leo ni lini hiyo?

#1 Daftari la Pwani (12 Aprili 2025, saa 2:40 usiku)

Wakuu, salaam.

Tangu 2011 naandika daftari la kila siku. Kila jioni ukurasa mmoja: hewa ilivyoamka na ilivyolala, upepo umetoka wapi, mwezi una siku ngapi, siku ina kumbukumbu gani, na mwishoni mistari miwili mitatu ya lililonikaa moyoni. Wa leo huu hapa:

"Jumamosi 12 Aprili. Mfungo Mosi, mwezi 13. Alfajiri manyunyu, saa tano jua la kuchoma, alasiri wingu zito limepita bila kudondosha kitu. Bahari inaelekea bamvua. Kumbukumbu: 1961 Gagarin aliizunguka dunia, 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni redio na nyuso za wakubwa. Mahindi yamefika magotini, yanangoja maji."

Kumbe tabia hii ni ya urithi. Babu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani, na aliacha daftari la namna hiihii kwa hati za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Lenyewe liko kwa shangazi. Mimi nina nakala aliyoniandikia kaka yangu: maneno alisomewa na shangazi, tarakimu akazinakili mwenyewe kwa alizozikumbuka za chuo cha Kurani.

Babu hakuandika tarehe za Kizungu. Anaandika "mwongo wa 7", "mwongo wa 12", halafu siku. Na mahali pamoja ameandika hivi: "Masika hushika mwongo wa 20. Kabla ya hapo ni mvua ya mpita njia, usiifungulie mbegu."

Nimehesabu. Siku ya Mwaka ya Makunduchi, Unguja, inayofungua mwaka wa wazee, huwa katikati ya Julai. Nikichukua 16 Julai kuwa siku ya kwanza, mwongo wa 20 unaanza 22 Januari na kuisha 31 Januari. Januari! Kwetu hapo kaskazi inavuma na udongo umepasuka. Masika tunayangoja Machi mwishoni, pengine Aprili.

Basi mvua zimehama miezi miwili tangu enzi za babu, au mimi ndiye nisiyejua kuhesabu? Jambo jingine lililonishinda: katika nakala kuna "siku ya 0" mara nyingi, lakini "siku ya 5" haipo hata mara moja.

#2 kijana_wa_bara (12 Aprili, saa 2:58 usiku)

Mkuu, mimi ninayemjua mwongo ni yule asemaye uongo. Babu yako alikuwa na waongo ishirini?

#3 Bint Kusini (12 Aprili, saa 3:15 usiku)

Kijana wa bara, karibu pwani. Mwongo ni fungu la siku kumi. Mwaka wa wazee una miongo 36, hizo ni siku 360, halafu zinabaki tano za kufungia hesabu. Jumla 365. Unaanza Siku ya Mwaka, wengine huiita Nairuzi. Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, siku hiyo kwetu wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake tunaimba na nguo mpya mwilini. Ugomvi wa mwaka mzima unaachwa uwanjani.

Kuhusu swali la mwenye uzi: sijawahi kusikia mzee yeyote wa kusini akisema masika ni mwongo wa 20. Nasubiri wajuvi.

#4 Mkulima wa Muheza (12 Aprili, saa 3:31 usiku)

Mbona jibu liko wazi. Tabianchi imeharibika. Mimi nalima mwaka wa 22 huu. Nilipoanza, ukipanda wiki ya pili ya Machi umelala usingizi. Siku hizi mvua inakuja, inakuchekea siku tatu, unapanda, inaondoka wiki mbili, mbegu inaoza au inaliwa na panya, unanunua nyingine. Msimu juzi nimepanda mara tatu shamba lilelile. Babu hakukosea. Dunia ndiyo iliyogeuka.

#5 Nahodha Mstaafu (12 Aprili, saa 4:02 usiku)

Mkulima, maumivu yako nayaelewa na sikatai kwamba mvua zimevurugika. Ila Januari haijapata kuwa masika pwani hii, si kwa babu huyo wala kwa babu wa babu yake. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, Disemba mpaka Machi, yakitandaza mazulia na chumvi na kupakia boriti na nafaka. Kaskazi ikichoka kunaingia maleleji, upepo usio na mwenyewe, leo huku kesho kule. Hapo ndipo mvua kubwa. Kisha kusi inashika na majahazi yanarudi kwao. Hiyo ndiyo saa ya bahari, haikubali kuwekwa mbele miezi miwili. Kama masika yangeshika Januari, wale wageni wangekuja na upepo gani?

Mwenye uzi, nahodha wa Pangani hawezi kuandika hivyo. Angalia nakala yako.

#6 Falaki (12 Aprili, saa 4:20 usiku)

Wote mna hoja, ila kuna jambo mmeliruka. Mwaka wa Nairuzi ni siku 365 kavu, hauna mwaka mrefu. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Leo ni katikati ya Julai. Alipozaliwa bibi yako ilikuwa Agosti. Miaka ya 1870 ilikuwa Agosti ya mwishoni.

Maana yake mwenye uzi amekosea kuhesabu miongo ya babu kwa Siku ya Mwaka ya leo. Lazima arudi kwenye Siku ya Mwaka ya babu. Daftari ni la mwaka gani?

Natoa tahadhari mapema. Hata kama ni la miaka 70 iliyopita, nafuu unayopata ni siku 17 au 18. Mwongo wa 20 unasogea hadi Februari. Deni linapungua, halijalipika.

#7 kijana_wa_bara (12 Aprili, saa 4:33 usiku)

Kwani Nairuzi si ya Kiislamu? Miezi ya Kiislamu inazunguka mwaka mzima, Ramadhani ikija kiangazi, ikija masika. Labda na hiyo miongo inazunguka vivyo hivyo.

#8 Falaki (12 Aprili, saa 4:41 usiku)

Hapana. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi, siku 354 au 355, unalitangulia jua kwa siku kama 11 kila mwaka. Nairuzi ni ya jua, na neno lenyewe ni la Kiajemi, "siku mpya". Watu wa pwani waliishi na zote mbili bila kuzigombanisha: mwezi kwa ibada, jua kwa shamba na tanga. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, misimu ya kusafiri aliitaja kwa kuhesabu siku za Nairuzi. Hakutumia miezi ya mfungo, kwa sababu hiyo hiyo unayoisema: inazunguka.

#9 Daftari la Pwani (13 Aprili, saa 1:05 asubuhi)

Shukrani wote. Mwaka hakuuandika popote, nimepekua usiku kucha. Ila nina vipande viwili, pengine vitasaidia.

Ukurasa wa kwanza: "Mwaka umeingia Ijumaa. Bahari shwari."

Na huu, ambao nimeupenda kuliko yote: "Mwongo wa 7, siku ya 0. Redio imesema Warusi wamerusha mwezi wa kutengeneza kwa mikono na unaizunguka dunia. Keshokutwa Maulidi."

#10 Mwalimu wa Hesabu (13 Aprili, saa 1:48 asubuhi)

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana, sasa imenibidi.

Mwezi wa Warusi ni Sputnik. Ulirushwa 4 Oktoba 1957, kwa saa zetu ilikuwa yapata saa nne na nusu usiku. Redio zikatangaza kesho yake. Mwaka umeshapatikana.

La pili ni zito zaidi. Fungu la siku kumi linahesabiwa moja mpaka kumi, siku ya sifuri haipo. Na umesema siku ya 5 haipo hata moja. Kamuulize kaka yako alinakili nini. Kwa tarakimu za Kiarabu, tano ni duara: ٥. Sifuri yao ni nukta: ٠. Kaka yako aliona duara akaandika sifuri.

Kila 0 ya nakala yako ni 5. Mwongo wako wa 20 ni mwongo wa 25.

#11 Bint Kusini (13 Aprili, saa 1:55 asubuhi)

Allahu Akbar. Nimesimama jikoni na mwiko mkononi.

#12 Daftari la Pwani (13 Aprili, saa 2:20 asubuhi)

Mwalimu, mikono inanitetemeka. Nimempigia kaka. Anasema ndiyo, aliona duara, na "siku ya 10" aliiona kama moja yenye doa la wino akaandika 1. Siku kumi zote za babu tumezigeuza kuwa siku za kwanza! Miaka sita nimekuwa nikisoma daftari la babu vibaya.

#13 Falaki (13 Aprili, saa 3:30 asubuhi)

Sasa tuhesabu vizuri. Mwongo wa 7, siku ya 5, ni siku ya 65 ya mwaka. Ikiwa hiyo ni 5 Oktoba 1957, rudi nyuma siku 64: unafika 2 Agosti 1957. Ilikuwa siku gani ya wiki? Ijumaa. "Mwaka umeingia Ijumaa." Na Maulidi, yaani mwezi 12 wa Mfungo Sita, mwaka ule iliangukia karibu 7 Oktoba. Keshokutwa yake kabisa. Vitu vitatu visivyojuana vimekubaliana.

Mwongo wa 25 basi, mwaka wa daftari, ulianza 30 Machi 1958 ukaisha 8 Aprili. Hiyo ni masika ya Pangani, hata mimi wa mjini naitambua.

#14 Chaki na Wino (13 Aprili, saa 4:12 asubuhi)

Msishangilie kabla ya kuona daftari lenyewe. Nimesoma hati hizo miaka mingi. Saba ni ٧ na nane ni ٨, kimoja ni kingine kilichopinduliwa. Nakala iliyogeuza tano kuwa sifuri inaweza kugeuza nane kuwa saba. Ikiwa ni mwongo wa 8, hesabu yote ya Falaki inasogea siku kumi.

#15 Falaki (13 Aprili, saa 4:25 asubuhi)

Shaka halali, ila Ijumaa inaijibu. Ukisema mwongo wa 8, Siku ya Mwaka inakuwa 23 Julai 1957, nayo ni Jumanne. Babu kaandika Ijumaa. Saba imesimama.

Kinachobaki ni siku moja ya ubishi. Kwa wazee siku huanza jua likizama. "Mwaka umeingia Ijumaa" yaweza kuwa magharibi ya Alhamisi. Na habari ya redio kama aliisikia usiku wa tarehe 5, kwake hiyo ilikuwa tayari siku inayofuata. Sina la kuikata hiyo.

#16 kijana_wa_bara (13 Aprili, saa 5:40 asubuhi)

Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Mmesema sana tano. Jumatano ni siku ya tano, sawa. Halafu Alhamisi nimeambiwa nayo ni "ya tano" kwa Kiarabu. Wiki yetu ina siku mbili za tano mfululizo? Na moja iko wapi?

#17 Mwalimu wa Hesabu (13 Aprili, saa 6:10 mchana)

Swali zuri, wala hujatoka nje. Kiswahili kimehesabu kuanzia kesho ya Ijumaa: Jumamosi, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Waarabu wanaanzia Jumapili, kwao ndiyo ya kwanza, hivyo Alhamisi ndiyo ya tano. Tulichukua Alhamisi na Ijumaa kama zilivyo kwa Kiarabu, nyingine tukahesabu wenyewe, hesabu mbili zikakutana katikati ya wiki.

Na usisahau miezi. Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, Mfungo Pili unafuata, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa Waarabu mwaka unaanza Muharram. Kwa Mswahili Muharram ni Mfungo Nne. Tumezoea kuanza kuhesabu mahali petu.

#18 Chaki na Wino (13 Aprili, saa 6:30 mchana)

Nyongeza fupi: "takwimu", ambayo leo ni mambo ya asilimia na majedwali, zamani ilikuwa ndiyo jina la kalenda ya mwaka. Mwenye uzi anaandika takwimu kwa maana ya kale.

#19 Mkulima wa Muheza (13 Aprili, saa 2:15 usiku)

Nimesoma yote. Tarakimu nimewakubalia, Mwalimu kafanya kazi kubwa. Lakini swali langu mmelipita. Babu kasema mwongo wa 25. Falaki, kwa Siku ya Mwaka ya sasa mwongo wa 25 ni lini?

#20 Falaki (13 Aprili, saa 2:22 usiku)

13 hadi 22 Machi.

#21 Mkulima wa Muheza (13 Aprili, saa 2:30 usiku)

Basi mtu akifuata kanuni ya babu kama ilivyo, anapanda katikati ya Machi, na mwaka huu angepoteza mbegu. Akifuata tarehe ya babu, Machi mwishoni na Aprili mwanzoni, pia sina hakika. Kwangu leo 13 Aprili mvua niliyopata ni ya kulowesha vumbi. Kwa hiyo kalenda imehama, na mvua nayo imehama. Yote mawili.

#22 Nahodha Mstaafu (13 Aprili, saa 3:05 usiku)

Mkulima, mwaka mmoja si kanuni. Masika yana miaka ya kuchelewa na miaka ya kuwahi, hata zamani. Mwenye uzi ana daftari la miaka 14, atuambie.

#23 Daftari la Pwani (13 Aprili, saa 3:50 usiku)

Nimepitia yangu. Mimi nahesabu masika yameshika zikifika siku tatu mfululizo za mvua ya kutiririsha maji uani. Kati ya mwaka wa kuwahi kabisa na wa kuchelewa kabisa tofauti inapita mwezi mzima. Siwezi kusema kwa uaminifu kwamba yanazidi kuchelewa. Ninachoweza kusema ni kwamba yanakatika zaidi. Kurasa za miaka ya mwanzo zina wiki nzima za "mvua, mvua, mvua". Za karibuni zina "mvua kubwa" moja yenye mafuriko, kisha nafasi tupu.

#24 Mama wa Pemba (13 Aprili, saa 4:10 usiku)

Bibi yangu alikuwa na miongo yake kichwani, lakini mbegu hakuitoa kwa mwongo peke yake. Alitoka nje magharibi kutazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ule usemi mnaujua: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakati huu wa Aprili kinaonekana magharibi jua likishatua, kila siku chini zaidi, na Mei kinapotea kabisa kwa wiki kadhaa kikiwa upande mmoja na jua. Kinarudi alfajiri, mashariki, Juni.

Nyota haisogei siku moja kila miaka minne. Naamini wazee walijua kwamba mwongo unateleza na nyota ndiyo ya kuusahihishia. Nani atalima miaka mia tano kwa kalenda inayokimbia bila kuligundua hilo?

#25 Falaki (13 Aprili, saa 4:28 usiku)

Mama, hoja hiyo nzuri kuliko ya kwangu, ila inanipa shida. Wangesahihisha kwa nyota, Siku ya Mwaka isingekuwa imetoka Agosti mwishoni hadi Julai. Labda walisahihisha namba ya mwongo wa kupandia, siku yenyewe wakaiacha iteleze. Yaani baba anasema mwongo wa 24, mwanawe anasema wa 25, mjukuu wa 26. Daftari la babu ni picha ya kizazi kimoja tu.

#26 msomaji wa pembeni (14 Aprili, saa 2:00 asubuhi)

Naombeni jambo. Kama Nairuzi ni ya Waajemi, mbona Iran wanaifanya Machi, 20 au 21, jua linapovuka ikweta? Sisi Julai. Kuna mtu kapotea njia.

#27 Falaki (14 Aprili, saa 2:35 asubuhi)

Hakuna aliyepotea. Zamani kalenda ya Uajemi nayo ilikuwa 365 kavu, ikiteleza. Mwaka 1079 wanafalaki wa huko, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, waliifunga kwenye ikwinoksi, hiyo siku jua linapovuka ikweta. Hesabu iliyokuwa imeshatoka na kusambaa baharini ikaendelea kuteleza bila wao. Waparsi wa India, wazao wa Waajemi, wa kundi la Kadmi nao hawakuifunga, na mwaka wao mpya huangukia katikati ya Julai. Sawa na Makunduchi.

#28 Bint Kusini (14 Aprili, saa 3:10 asubuhi)

Hapo sasa mnaniudhi kidogo. Kila kitu cha kwetu lazima kiwe kimeletwa na jahazi? Hesabu inaweza kuwa ya Kiajemi, sikatai. Lakini kuchoma kibanda, vigogo vya migomba, nyimbo za wanawake, hayo yana mizizi ya shamba na mizimu ya mahali. Kwetu wako wanaosema asili ni Washirazi, wako wanaosema ni mabaharia tu walioacha hesabu, na bibi yangu alisema ilikuwepo kabla ya wote hao. Siku iliyokuwepo inaweza kupewa jina jipya.

#29 Chaki na Wino (14 Aprili, saa 3:22 asubuhi)

Bint Kusini, nimekuelewa, na sina la kukupinga. Jina husafiri peke yake mara nyingi.

#30 kijana_wa_bara (14 Aprili, saa 1:30 usiku)

Huku kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, hatuna masika na vuli. Miongo yenu ingetufaa nini? Halafu mwenye uzi, kesho 15 Aprili utaandika kumbukumbu gani? Nimeanza kununua daftari langu, nataka kuiga.

#31 Daftari la Pwani (14 Aprili, saa 2:05 usiku)

Nimefurahi sana kusikia hivyo, mdogo wangu. Anza na hewa tu, mengine yatakuja.

Kesho ina kumbukumbu nzito kwa watu wa pwani. 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini, enzi za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu.

#32 msomaji wa pembeni (14 Aprili, saa 2:18 usiku)

Mkuu, kimbunga cha kwanza kutua Tanzania si Hidaya mwaka jana? Mwalimu wetu alituambia tuko karibu na ikweta, vimbunga havifiki.

#33 Nahodha Mstaafu (14 Aprili, saa 2:40 usiku)

Mwalimu wako yuko sahihi kwamba ni nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo uwe kimbunga. Nadra si kamwe. Hidaya kilifika Mafia 4 Mei 2024. Kabla yake, Jobo, Aprili 2021, kilififia kabla ya kutua. Na Lindi walipigwa 1952. Uliza tarehe.

#34 Daftari la Pwani (14 Aprili, saa 2:44 usiku)

15 Aprili. Siku ileile, miaka 80 baadaye. Kila mwaka nikifika ukurasa huo napata baridi.

#35 Mama wa Pemba (14 Aprili, saa 3:00 usiku)

Nahodha umetaja Mei na Aprili tu. Maleleji hayo. Upepo ukikosa mwenyewe ndipo balaa hupata nafasi.

#36 Mkulima wa Muheza (15 Aprili, saa 12:50 asubuhi)

Imenyesha tangu saa nane usiku. Ya kweli. Sijui ni mwongo wa ngapi.

#37 Falaki (15 Aprili, saa 1:15 asubuhi)

Wa 28, siku ya 4. Kwa Siku ya Mwaka ya babu ingekuwa wa 26, siku ya 7. Hongera ya mvua.

#38 Daftari la Pwani (20 Aprili, saa 3:20 usiku)

Wakuu, nimerudi kutoka Pangani. Nimekaa na shangazi siku mbili, daftari lenyewe mkononi. Duara ni tano, Mwalimu. Saba ni saba, Chaki na Wino, imeandikwa wazi. Na shangazi alipoona tunahesabu upya akasema kaka alikuwa na haraka siku ile, aliruka mistari. Ukurasa wa Sputnik haukuishia pale. Nanakili kama alivyonisomea:

"Mwongo wa 7, siku ya 5. Redio imesema Warusi wamerusha mwezi wa kutengeneza kwa mikono na unaizunguka dunia. Keshokutwa Maulidi. Kusi imechoka, mawimbi madogo. Watu wamesimama ufukweni hadi usiku wanautafuta mwezi wa Warusi. Mimi nimekaa nao. Nimeuona wetu, umekaribia kujaa, na saa tatu Kilimia kimetoka baharini mahali pake. Huo mwingine sikuuona. Kesho nitatazama tena."

Nimefungua ukurasa unaofuata. Mwongo wa 7, siku ya 6. Ameandika: "Wingu."